Faili Nililolikata Mkia

Wasomaji wapenzi, katika gazeti letu hili tumezoea kusoma habari za mechi tulizoshinda, za safari za mafunzo, na mashairi ya wenzetu wenye kipawa. Mimi leo sina ushindi wa kueleza. Nataka kuwaeleza habari za faili moja lililokataa kufunguka, na jinsi mimi mwenyewe, niliyesifiwa na watu wa nyumbani kuwa ni fundi wa kompyuta, nilivyozidisha taabu yake. Naieleza kwa kuwa sisi wa kidato cha nne tutakuwa mwakani katika shughuli hiyo hiyo ya kutafuta fomu za kujiunga na shule za mbele, na yaliyonipata mimi yaweza kumpata mwingine ye yote.

Kwetu ni kijiji kilicho karibu na mlango wa mto Ruvuma, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Upande mmoja kuna mikoko, upande wa pili minazi na mikorosho, na ng'ambo ya maji ni nchi ya Msumbiji. Mtandao wa simu kwetu ni wa kubahatisha. Mtu akitaka kuzungumza na watu wa mbali hupanda kilima kidogo mpaka chini ya mwembe mkubwa, naye akifika hapo husimama upande wa kaskazini wa shina. Akisimama upande wa kusini, simu yake huweza kushika mtandao wa ng'ambo, na salio lake likaisha kabla hajamaliza kuamkia. Tunalelewa na mama pamoja na mjomba wetu, ndugu yake mama, ambaye ni mvuvi, na ambaye katika ujana wake alikuwa baharia wa majahazi.

Dada yangu alimaliza kidato cha nne mwaka jana. Likizo ya Juni iliyopita nilimkuta nyumbani akingoja. Hata siku moja rafiki yake akampigia simu kumpa habari njema, kwamba jina lake limo katika orodha ya waliochaguliwa kuingia kidato cha tano, naye amepangiwa shule ya bweni katika mkoa wa Ruvuma. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini. Mjomba hakusema neno. Alitabasamu tu, akaendelea kushona wavu wake.

Siku hizi fomu ya kujiunga na shule haiji kwa posta katika bahasha ya khaki kama walivyoipokea wazee wetu. Huwekwa katika tovuti, na kila mwenye kuihitaji huipakua mwenyewe. Ndani yake mna siku ya kuripoti, rangi ya sare, orodha ya vifaa, na fomu ya kujazwa na daktari. Kwa hiyo asiyeipata fomu ni kama mtu aliyealikwa karamuni asielezwe nyumba yenyewe iko mtaa gani.

Mjomba akaniuliza, "Mpwa wangu, kazi hiyo unaiweza?"

Nikamjibu, "Mjomba, hiyo ni kazi ya dakika mbili."

Basi kesho yake tukaenda Mtwara mjini, mimi na mjomba. Yeye aliacha kwenda baharini siku hiyo, akalipa nauli zetu wote wawili. Tukaingia katika duka moja la steshenari, mahali wanapochapa na kutoa nakala. Watu walikuwa wengi mno, kila mmoja na shida yake, na mwenye duka alikuwa peke yake. Nikamwambia kwa kujiamini, "Kaka, niachie kompyuta ile ya pembeni, nitafanya mwenyewe." Akafurahi kupunguziwa kazi, akaniachia.

Nikafungua kivinjari, nikaipata tovuti, nikatafuta mkoa, kisha jina la shule, nikabonyeza. Faili likaanza kushuka. Chini ya kioo nikaona tarakimu zikibadilika polepole: megabaiti 0.4 kati ya 3.2, halafu 0.9, halafu 1.1. Hapo zikasimama. Mwenye duka akasema kwa sauti, "Jamani, bando limekwisha, subirini nikaweke jingine." Akatoka nje. Mjomba alikuwa akitazama jua, maana gari la kurudi kwetu halingojei mtu.

Nikaingia katika kabrasha la vitu vilivyopakuliwa, nikaona faili limo. Lakini jina lake lilikuwa la ajabu. Badala ya kuishia na nukta na herufi pdf kama nilivyotazamia, lilikuwa limeongezewa mbele yake neno jingine: crdownload. Na picha yake ndogo ilikuwa karatasi nyeupe tupu. Nikabofya mara mbili, halikufunguka. Nikajiambia, "Ala! Kumbe ni jina tu lililoharibika." Nikalifuta lile neno la mwisho, nikaacha pdf peke yake. Mara ile ile karatasi nyeupe ikageuka kuwa picha ya pdf, nzuri, yenye rangi yake. Nikafurahi kama mganga aliyemwinua mgonjwa. Nikalihamishia katika simu ya mjomba kwa waya, nikasimama, nikasema, "Tayari."

Mjomba akaniuliza, "Umeisoma?"

Nikajibu, "Tutaisoma nyumbani, Mjomba, gari litatuacha."

Hayo ndiyo maneno ninayoyajutia mpaka leo.

Jioni tulikaa barazani, mama, dada, mjomba na majirani wawili. Taa ikawashwa. Dada alikuwa na kalamu na daftari tayari kuandika orodha ya vifaa. Nikaligusa faili. Simu ikafikiri kidogo, kisha ikaandika kwamba haiwezi kuifungua hati hii. Nikagusa tena. Jibu likawa lile lile. Nikaizima simu, nikaiwasha. Nikajaribu kulifungua kwa kivinjari. Ukatokea ukurasa wa kijivu usio na herufi hata moja. Nikaomba simu ya jirani, nikalirusha humo, nayo ikakataa. Nilipomtazama dada nikaona amekwisha kuifunika kalamu yake.

Nikasema, "Simu hizi ni za zamani." Nilijua katika moyo wangu kwamba yale hayakuwa majibu, lakini nilikuwa nimeketi mbele ya watu walioniita fundi.

Asubuhi nikapanda mwembeni nikampigia simu mwalimu wetu wa kompyuta.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Habari za likizo?"

Nikamweleza kwamba nimepakua fomu ya dada yangu na simu haitaki kuifungua. Akaniuliza, "Jina la faili linaishia vipi?" Nikamjibu, "Linaishia pdf, mwalimu." Wasomaji, neno hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa uongo. Sikumwambia kwamba mkia ule niliutengeneza mimi. Niliona haya. Basi mwalimu, kwa kuwa alipewa habari nusu, akatoa dawa ya ugonjwa mwingine: akaniambia huenda programu ya kusomea ni ya zamani, niweke mpya. Nikatumia bando lote la mjomba kuiweka. Kazi hiyo ilichukua karibu siku nzima chini ya mwembe. Faili halikufunguka.

Siku ile ile mama alichoka kungoja. Jirani mmoja alimwambia kwamba binti wa ndugu yake anasoma huko Songea na sketi zao ni za bluu. Mama akatoa fedha alizozipata kwa kuuza nazi, akanunua kitambaa cha bluu, akampelekea fundi cherehani. Mimi niliona anakwenda, nami sikuwa na la kumwambia la kumzuia.

Usiku mjomba akaniita. Hakunigombeza. Akaniambia, "Mpwa wangu, neno hili kupakua mmelichukua kwetu sisi watu wa majahazi. Sisi tulipopakua chombo, nahodha hakusema kazi imekwisha mpaka furushi la mwisho liguse mchanga, na karani alifungue moja mbele ya macho yetu. Je, mzigo wako uliuona wote ukishuka?"

Nikanyamaza. Nilikumbuka tarakimu zile: 1.1 kati ya 3.2.

Kesho yake alfajiri nikampigia mwalimu mara ya pili. Safari hii yeye alianza kwa swali ambalo sikulitegemea: "Katika simu hiyo kuna hati nyingine ya namna hiyo?" Nikatafuta, nikaona ipo moja, tangazo la chama cha ushirika cha wakulima wa korosho. "Ifungue." Nikaifungua, ikafunguka mara moja, herufi zote safi. Mwalimu akasema, "Basi simu ni nzima, na programu ni nzima. Mgonjwa ni faili lenyewe. Sasa niambie ukubwa wake, na uniambie kama uliligusa jina lake."

Nikamwambia yote, la bando kwisha, la tarakimu, la neno lile refu nililolifuta. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Ungenieleza hivi jana, jana ungeipata fomu. Nenda ukale, nitaipakua mimi na kukurushia."

Fomu ilifika jioni, kurasa kumi na moja. Safari hii niliifungua papo hapo chini ya mwembe, nikaipitia ukurasa mmoja mmoja hadi wa mwisho, dada akiwa pembeni yangu na daftari lake. Ukurasa wa mwisho ndio uliokuwa fomu ya daktari. Na katika ukurasa wa nne iliandikwa kwamba sketi ni za rangi ya kijani.

Mjomba aliacha bahari siku ya pili, akampeleka dada mjini kuichapa fomu na kwenda hospitali. Mama akauza nazi nyingine kwa kitambaa cha kijani. Dada aliondoka kwa basi la kupitia Masasi na Tunduru, akaripoti siku ya mwisho iliyoruhusiwa. Sketi mbili za bluu zimo katika sanduku la mama hata leo, zimekunjwa vizuri, hazijavaliwa.

Tuliporudi shuleni mwalimu alinichukua katika chumba cha kompyuta, akanionyesha kwa nini faili nusu halisomeki hata nusu yake. Naona hapo ndipo penye elimu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Namna hii ya hati iitwayo PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe ya Marekani mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kanuni ya kimataifa ambayo kampuni yo yote yaweza kuifuata. Shabaha yake ni kwamba ukurasa uonekane vile vile katika kila mashine. Mwalimu alilifungua faili zima kwa programu ile nyepesi ya kuandikia maandishi matupu. Yakatokea mambo ya ajabu, alama zisizosomeka mistari kwa mistari. Lakini mstari wa kwanza kabisa ulianza kwa alama ya asilimia na herufi PDF, pamoja na tarakimu za toleo lake. Kisha akashuka mpaka chini kabisa. Hapo palikuwa na alama mbili za asilimia na herufi EOF, ambazo maana yake ni mwisho wa faili. Na juu kidogo ya alama hiyo ya mwisho palikuwa na orodha ya tarakimu nyingi. Akaniambia kwamba orodha hiyo ndiyo faharasa: inaeleza kila ukurasa, kila herufi na kila picha imewekwa wapi ndani ya faili.

"Programu ya kusomea," akasema, "haianzi juu kama wewe usomavyo hadithi. Hutazama mwisho kwanza, ichukue faharasa, ndipo ijue pa kwenda."

Halafu akalifungua faili langu, maana nalikuwa nimelihifadhi katika flashi. Mwanzo ulikuwa ule ule. Lakini chini hapakuwa na alama ya mwisho, wala orodha. Maandishi yalikatika katikati kama kamba iliyoliwa na panya. Nikaelewa. Theluthi moja ya mzigo ilifika, lakini karani mwenye orodha ya mzigo alikuwa katika sehemu iliyobaki ng'ambo. Ziko programu zinazojaribu kuokoa vipande vilivyopo, lakini hakuna iwezayo kuokoa kisichofika.

Na neno lile nililolifuta? Kumbe halikuwa uharibifu. Kivinjari cha Chrome huliweka mwishoni mwa jina la kila faili ambalo bado linashuka, na huliondoa chenyewe kazi ikikamilika. Firefox nayo huweka neno part. Lilikuwa onyo la kweli, limeandikwa waziwazi: mzigo huu haujatimia. Mimi nilifuta onyo nikaacha ugonjwa. Nilifanya kama mtu aliyeliona gunia la mchanga, akaandika juu yake "sukari", akalipeleka nyumbani akangoja chai.

Mwalimu aliniambia pia kwamba faili kukatika njiani si jambo la duka moja wala la kijiji kimoja. Mara nyingine sababu iko mezani, kama bando kwisha au umeme kukatika. Mara nyingine iko mbali kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na sisi wa Tanzania pamoja na jirani zetu tukakaa siku kadhaa na mtandao wa kusuasua. Mimi mtoto wa pwani nilistaajabu kusikia kwamba hata intaneti hutufikia kwa njia ya bahari.

Basi wenzangu, kwa ajili ya mwakani, nawaachia mambo manne niliyojifunza kwa gharama ya watu wengine.

Kwanza, tazama ukubwa. Tovuti au kivinjari kikikuambia faili ni megabaiti 3.2, na lililo mkononi mwako ni 1.1, usilifikirie zaidi, lipakue upya.

Pili, tafuta mgonjwa ni nani. Fungua hati nyingine ya namna ile ile kwa mashine ile ile. Ikifunguka, faili lako ndilo lenye kasoro. Isipofunguka, kasoro ni ya simu au ya programu. Tazama kama nafasi imejaa, au programu ni ya zamani mno. Na kivinjari kimoja kikikataa, jaribu cha pili kabla ya kukata tamaa.

Tatu, usiguse mkia wa jina kwa kubahatisha. Kubadili jina hakubadili kilichomo. Likiwa faili la Word, kuliita pdf hakulifanyi kuwa pdf.

Nne, lifungue pale pale ulipolipakulia, uende mpaka ukurasa wa mwisho, kabla hujalipa na kabla hujapanda gari. Gari likikuacha utangoja jingine. Fomu ikikuacha, hutangoja peke yako.

Lakini kubwa kuliko hayo manne ni lile la kusema kweli kwa yule unayemwomba msaada. Siku ya kwanza mwalimu alikuwa na dawa, nami nilimficha kidonda. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuumbuliwa na kifo, nashukuru Mungu. Niliumbuliwa na sketi mbili za bluu.

Juzi dada alinipigia simu kwa ruhusa ya matroni wake, akaniambia masomo ni magumu lakini anajitahidi. Kabla ya kuagana akaniuliza kwa kicheko, "Na wewe mwakani fomu yako ataipakua nani?"

Nikamjibu, "Nitaipakua mimi, na Mjomba atakuwa karani."

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne